Mgeni Aliyeshuka Kwenye Mercedes

Jumamosi hiyo ya Agosti, mwaka wa 2001, nyumbani kwa Mzee Kitheka pale Mumbuni hapakufanyika kazi nyingine isipokuwa kungoja gari. Ua ulifagiliwa mara mbili. Mbwa alifungwa. Kuku wawili walikuwa wameshaingia sufuriani, na Mzee mwenyewe, ambaye kwa kawaida hukaa na fulana mpaka saa nne, alikuwa amevaa koti la kanisani tangu alfajiri na kuketi barazani na kikombe cha chai ambacho alisahau kukinywa.

Usimcheke. Gari hilo alikuwa amelingoja zaidi ya miaka thelathini. Alipokuwa kijana, utingo wa lori la kahawa kabla hajaanza kuendesha mwenyewe, Mercedes ilimpita karibu na Tala akiwa chini ya lori anafunga gurudumu. Ilimpita taratibu sana, na katika ubavu wake akauona uso wake mwenyewe, umejaa vumbi. Hakuusahau uso huo. Sebuleni mwake kulikuwa na kalenda ya mwaka 1974 yenye picha ya Mercedes, na kila Januari kalenda mpya ilitundikwa kando yake, ile ya zamani haiguswi. Sasa aliuza kipande cha shamba kule Syokimau, akaezeka nyumba upya, akawapa wanawe mafungu yao, na kilichobaki akakitangaza kuwa chake na cha yule kijana aliyekuwa chini ya lori.

Mpwa wake Jeff, dalali wa magari Nairobi, ndiye aliyelipata. Mercedes kubwa, ile ndefu ya wakubwa, imetembea miaka miwili tu, ya mzungu mmoja anayerudi kwao. Jeff alipiga simu Ijumaa akasema mwenyewe atalileta.

Katunge alisikia hayo yote akiwa jikoni na hakuuliza lolote. Alikuwa na miaka thelathini, binti pekee aliyebaki nyumbani, karani wa Posta mjini Machakos. Mji mzima ulimjua kwa upole wake nyuma ya lile dirisha la stempu, na hakuna aliyejua kwamba kila asubuhi magunia ya barua yanapofunguliwa, macho yake yalitafuta mwandiko mmoja. Miaka sita alikuwa akiutafuta. Kwake yeye, habari za magari zilikuwa kidonda.

Kwa maana kilianzia kwenye gari. Miaka sita nyuma, kijana mmoja wa Katangi aitwaye Muli alikuja kwenye lango hili hili akiwa na mbuzi watatu wa ntheo. Hao ndio mbuzi ambao kwa Wakamba, wasipopokewa, binti hawezi kuitwa mke wa mtu. Aliwaleta kwa pikapu. Mzee Kitheka aliwatazama mbuzi, akaitazama pikapu, akauliza ni ya nani. Ya mwajiri, Muli akasema. Na hilo koti la kaki? La mwajiri pia.

"Sasa wewe, kijana," Mzee akamwambia, "kile chako ni nini?"

Muli hakuwa na jibu. Mbuzi walirudishwa garini, na mbuzi wa ntheo wakirudishwa hakuna kikao kingine. Mzee akamtaka ahadi ya mwisho pale langoni, kwamba hatamwandikia Katunge barua hata moja. Muli aliahidi. Katunge alikuwa nyuma ya pazia akisikia yote, na hakutoka. Kosa hilo la kutotoka ndilo lililomla moyo kuliko barua zote ambazo hazikuja.

Saa sita na nusu gari likaingia.

Hakuna aliyelisikia. Hilo ndilo lililowashangaza kwanza, kwamba kitu kikubwa hivyo kinaweza kupanda kilima cha Mumbuni bila kunguruma. Lilitokeza tu langoni, refu, la buluu iliyokaribia weusi, na jua lote la adhuhuri likiwa limelala juu ya boneti. Jirani yao, Mama Ndila, aliyekuwa akianika nguo, alibaki na shuka mkononi. Mama yake Katunge, Kavutha, alifuta mikono kwenye leso akalitaja jina la Mungu polepole kwa Kikamba, kama mtu anayeomba. Mzee alisimama barazani.

Mlango ulifunguliwa na mwanaume akashuka, mmoja, peke yake, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Kabla ya kumsalimia mtu yeyote alilizunguka gari mara moja, taratibu, akiinama kidogo kila gurudumu.

Katunge alikuwa mlangoni pa jikoni na birika la maji ya kunawa. Aliuona mzunguko ule. Kuna mtu mmoja tu aliyemjua ambaye hawezi kuliacha gari kabla hajalizunguka hivyo. Hata ile pikapu ya mwajiri, na mbuzi wakilia nyuma yake, aliizunguka hivyo.

Mgeni akainua uso, wakatazamana. Alikuwa amejaa mabega na nywele zilianza kupungua kwenye paji la uso, lakini macho yalikuwa yale yale, yenye subira. Aliinamisha kichwa kidogo sana, kiasi cha yeye tu kuona. Katunge alishika birika kwa mikono miwili ili lisianguke.

Baba yake hakuona chochote. Siku ile ya mbuzi alitazama kila kitu isipokuwa uso wa kijana, na leo aliona Mercedes, na suti, na mtu aliyeshuka peke yake. Jeff si alisema mwenyewe atalileta? Basi huyu ndiye mwenyewe, na kama Jeff alisema mzungu, Jeff huwa anasema mengi. Mzee aliteremka na mikono yote miwili mbele.

"Karibu, bwana mkubwa. Karibu sana. Hapa ni kwako."

"Asante, mzee. Lakini kwanza nikuambie, mimi ni—"

"La. Kwangu mgeni haulizwi jina na tumbo tupu. Kula kwanza. Jina halitaenda mahali."

Ndiyo desturi ya nyumba ile, na Mzee Kitheka alijivunia hilo mbele ya kanisa zima. Alimshika mgeni mkono akamwingiza ndani, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, kile cha chini ya kalenda, ambacho hata kasisi hakukalishwa. Katunge alipoleta birika na beseni, baba yake alimpokonya. Alimnawisha mgeni kwa mkono wake, akimwagia maji taratibu, akimshikia taulo. Muli alinawa akiwa ameinamisha uso, na Katunge aliona jasho likimchuruzika nyuma ya masikio kwa aibu.

Walikula kuku na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Mzee aliongea kwa wote. Alisimulia lori la kahawa, vumbi la Tala, ule uso alioona ubavuni mwa gari. Aliuliza kuhusu injini akajibiwa vizuri, akauliza kuhusu viti akaambiwa ni ngozi halisi na vina kipasha joto, akacheka mpaka akatoa machozi kwa kufikiria mtu anayehitaji kupashwa joto Machakos. Kila jibu la mgeni lilimpendeza zaidi. Huyu, alimwambia mkewe kwa macho, huyu ndiye mtu.

Kisha akauliza ana watoto wangapi.

"Sijaoa, mzee."

Mzee aliweka mfupa chini. Akamtazama Katunge, aliyekuwa akiondoa sahani, akamtazama tena mgeni, na Katunge akajua kinachokuja. Baba yake akaanza kumsifu. Akasema binti huyu ni karani wa serikali, hana makelele, Jumapili yuko kanisani, na chapati zake majirani wanazijua. Alisema wengi wamekuja na yeye akawarudisha, maana hawakuwa watu wa maana.

"Unajua, bwana mkubwa," akamalizia, sauti imelainika, "kama ungekuwa umekuja na neno lingine juu ya hili la gari, mimi singekuuliza mengi."

Katunge alisimama na sahani tatu mkononi, na hapo, msomaji, moyo wake ulifanya jambo ambalo baadaye alilionea haya. Ulimwomba Muli anyamaze. Aseme ndiyo tu. Mlango ambao miaka sita ulikuwa umefungwa ulikuwa umefunguliwa na baba mwenyewe, wazi kabisa, na kilichohitajika ni mtu kuingia bila kutaja jina. Kesho mambo yangejulikana, lakini kesho neno la mzee lingekuwa limeshatoka, na Mzee Kitheka hajawahi kulirudisha neno lake.

Muli alifuta mikono, kidole kwa kidole. Akasimama.

"Mzee, nimekula chakula chako, na maji umenimwagia wewe mwenyewe. Siwezi kukuacha na uongo. Hii gari si yangu. Mimi ni dereva. Mwenyewe yuko kiwanja cha ndege, amenituma na hati zake zote, ziko hapa." Akaweka bahasha mezani. "Na mimi ni Muli, mtoto wa Wanza wa Katangi. Yule wa wale mbuzi."

Katunge alimtazama na hofu yote ikamtoka. Kilichobaki kilikuwa mshangao mtupu, mkubwa kuliko ule wa gari. Mtu huyu alikuwa amepewa alichokitaka miaka sita, kimewekwa mbele yake kama sahani, na yeye akakisukuma kwa sababu hakikuja kwa jina lake. Alimpenda wakati ule kuliko alivyowahi kumpenda, na aliogopa kwamba amempoteza mara ya pili.

Mzee Kitheka aliitazama mikono yake mwenyewe.

"Kwa hivyo," akasema, "nimemnawisha dereva."

"Umemnawisha mgeni," Kavutha akajibu kutoka mlangoni. "Na amekula vizuri."

"Ulijua hapa ni kwangu?" Mzee akamuuliza Muli.

"Nilijua. Kulikuwa na dereva mwingine wa kuileta. Nikaomba nije mimi."

"Ili unicheke?"

"Ili nimwone." Hakuelekeza kidole wala macho, hakuna aliyehitaji kuelekezwa. "Niliahidi sitaandika barua, mzee, na sijaandika. Sikuahidi sitaleta gari."

Kavutha alikohoa kwenye leso yake, na kikohozi kile kilifanana sana na kicheko. Mzee hakucheka. Aliinuka, akachukua kikombe chake cha chai, kile kile cha asubuhi, kimejaa mpaka ukingoni na kupoa, kwa kuwa mkono ulihitaji kitu cha kushika. Akatoka nje. Wote wakamfuata, kila mmoja akidhani anakwenda kumfungulia Muli lango.

Alikwenda kwenye gari. Akamkabidhi mkewe kikombe, akafungua mlango wa dereva, akaketi. Harufu ya ngozi ikamzunguka. Alishika usukani kwa mikono miwili na uso wake ukawa wa kijana kabisa, wa utingo, na Katunge akageuka pembeni kwa sababu kulikuwa na kitu cha siri katika uso ule. Kisha mguu wa kushoto wa Mzee ukaanza kutafuta. Ukatafuta huku, ukatafuta kule.

"Klachi iko wapi?"

"Haina, mzee. Inajibadilisha gia yenyewe."

"Haina klachi." Mzee aliitazama sakafu ya gari, akautazama mguu wake uliokanyaga klachi za malori na mapikapu karibu miaka thelathini, na ambao leo haukuwa na kazi. Akashuka, akachukua kikombe chake, akaingia kiti cha nyuma. "Endesha wewe. Nataka kuona kama imelala vizuri barabarani. Nikinunua, nimenunua gari tu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mzee."

Kavutha naye hakutaka kubaki. Alipofika mlangoni akavua viatu akaviacha kwenye vumbi, kama mtu anayeingia nyumba yenye zulia, maana hakuona jinsi mtu angekanyaga ndani mle na viatu vilivyotoka bandani kwa kuku. Muli hakumcheka wala hakumkataza. Aliviokota, akavifuta kwa leso yake ya mfukoni, akaviweka karibu na miguu ya mama, akafunga mlango. Mlango ulijifunga kwa sauti ndogo, nzito.

Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Hakuna aliyemwalika Katunge. Alisimama sekunde mbili na akalikumbuka lile pazia la miaka sita iliyopita. Akafungua aproni, akaitundika kwenye kamba ya Mama Ndila mbele ya macho ya Mama Ndila mwenyewe, akaenda akaketi mbele, kando ya Muli. Nyuma yake baba alikishika kikombe chake vizuri.

Walishuka kilima. Miembe na mapaa ya mabati ya Mumbuni yalipita nje ya kioo bila sauti, na watu waliokuwa kando ya barabara waligeuka wote.

"Nilikuwa natafuta mwandiko wako kwa kila gunia," Katunge akasema, kwa sauti ya chini.

"Nilijua uko Posta. Ndiyo maana nikija Machakos nilikuwa nazunguka na ile barabara ya juu. Ningekuona, ningevunja ahadi."

"Siku ile nilikuwa nyuma ya pazia. Ningetoka."

"Umetoka leo," Muli akasema. Macho yake hayakuacha barabara.

Barabara yenyewe ilikuwa ya kokoto na mashimo, ile ambayo hata malori ya mchanga huilaani. Muli aliyaona mashimo kabla hayajafika. Alipunguza bila breki kusikika, akazunguka, akashika ukingo, akarudi. Kwenye lile daraja bovu, ambapo kila gari hugonga chini, aliingiza gurudumu moja, akangoja, akaingiza la pili. Nyuma Mzee Kitheka alikuwa ameacha kutazama nje. Alikuwa akitazama kikombe. Chai ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, na tangu lango mpaka daraja hakuna tone lililoanguka. Mzee alikuwa ameendesha barabara hiyo nusu ya maisha yake. Alijua maana ya anachokiona.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Mkufunzi mmoja Nairobi, mzee. Alikuwa anaweka bakuli la maji kiti cha nyuma. Likimwagika, wiki nzima unaosha magari, hugusi usukani."

"Na wewe uliosha wiki ngapi?"

"Kumi na moja."

Mzee akaguna. Wakafika kwenye lami, na Muli akageuza gari, wakaanza kupanda kurudi. Kavutha alikuwa amefumba macho na viganja vyake viwili vimelala juu ya ngozi ya kiti, anakisikiliza.

"Siku ile nilikuuliza kile chako ni nini," Mzee akasema. "Hukunijibu."

"Sikuwa na jibu, mzee."

"Na leo?"

Katunge alijua kwamba swali hilo halitaulizwa mara ya tatu. Muli alivuka daraja kwanza, gurudumu moja, kisha la pili, ndipo akajibu.

"Leo niko na mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Wale wale. Nilipowarudisha nyumbani mama alikataa wauzwe. Krismasi tunakula maharagwe, hataki achinjwe hata mmoja. Anasema si wake, ni wa Katunge, yeye anachunga tu. Wamezaana. Juzi nikiwa Katangi walikuwa ishirini na tisa, na mmoja yuko karibu kuzaa."

Katunge alikuwa amemwona Wanza mara moja tu maishani mwake, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Miaka sita mama huyo alikuwa ameamka kila alfajiri kuwafungulia mbuzi wa mkwe ambaye hakupewa, ukame na njaa vikija na kupita, na hakuwahi kumtumia hata salamu ya kudai shukrani. Wakati yeye analia juu ya magunia ya barua, kule Katangi barua yake ilikuwa inazaana. Machozi yalimshuka na hakuyafuta. Mkono wake ukaenda wenyewe, ukatua kwenye mkono wa koti la Muli, ukabaki pale mbele ya baba na mama yake.

Mzee aliuona. Aliutazama mkono huo muda wa kona mbili.

"Muli," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina hilo.

"Naam, mzee."

"Ntheo ni mbuzi watatu. Watatu wanatosha. Hao wengine waache na mama yako, asibaki na boma tupu."

Gari lilikwenda taratibu zaidi, ingawa hapakuwa na shimo.

"Na hawapandi hii gari," Mzee akaongeza haraka. "Mbuzi kwa hii ngozi, hapana."

"Hapana, mzee. Nitaazima pikapu."

Katunge akahisi mkono wa Muli ukikakamaa chini ya vidole vyake, maana wote wanne ndani ya gari walikuwa wamekumbuka lango, na koti la kaki, na swali la pikapu ni ya nani. Kwenye kioo kidogo cha juu Katunge aliona macho ya baba yake, na aliona kwamba naye alikuwa amekumbuka.

"Basi azima," Mzee Kitheka akasema, na ndipo akainua kikombe chake akainywa ile chai ya asubuhi, baridi vile ilivyokuwa, mpaka tone la mwisho.